Kigoma hadi Mahale kwa boti, kisha Nkungwe kwa miguu: mwezi gani, mwanga gani, mafuta kiasi gani?

NyukiWaKaliua (Tabora)

Habari za jioni wakuu. Tuko watatu, tunatokea Tabora mjini, tunapanga safari ya picha za mandhari na kupanda mlima kando ya Ziwa Tanganyika. Tuna siku nane kutoka nyumbani hadi kurudi nyumbani. Mpango wa awali: treni Tabora–Kigoma, siku mbili Gombe, boti moja kwa moja hadi Mahale, siku moja ya sokwe, siku mbili za kilele cha Nkungwe, halafu kurudi. Mwezi tuliofikiria ni Agosti kwa kuwa hakuna mvua.

Mfano tulioufuata ni wa watu wanaotembea nchi ya fiordi kule New Zealand. Njia ya Milford ina kilomita 53.5, inatembewa kwa siku nne, watu wanalala kwenye vibanda vilivyopangwa na wanapiga picha za milima iliyosimama ndani ya maji. Mahale nako milima imesimama ndani ya maji, na ukiangalia ramani umbali si mkubwa. Tukaona mpango wa aina ile utafaa na huku.

Tunachoomba ni haya. Agosti inafaa kwa picha? Boti ya kukodi inachukua saa ngapi na mafuta kiasi gani? Nkungwe inawezekana kwa siku mbili? Na katika vifaa hivi tuache nini: kamera mbili, lenzi ya 16–35, ya 24–105, ya 100–400 na ya 70–200 f/2.8, tripodi moja, droni ndogo moja. Tunaomba majibu yenye namba.

Mwana_Kibirizi (Kigoma)

Karibu Kigoma, mkuu. Nianze na huo mfano wa fiordi, maana ndio ulioharibu hesabu yako ya siku.

Fiordi ilichimbwa na barafu, bahari ikaingia ndani ya bonde. Kwa hiyo ina kona na mikono, na kila kona inakukinga na upepo. Tanganyika ni ufa wa ardhi uliofunguka, umenyooka kaskazini hadi kusini kama kilomita 673. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini unapita juu ya maji hayo mamia ya kilomita bila kizuizi, na wimbi linakua kadiri linavyosafiri. Ndiyo maana unaweza kusimama Kigoma mjini, maji ya ghuba yametulia kama ya kwenye beseni, halafu ukitoka nje ya ghuba ukakuta boti inarushwa. Ghuba ya Kigoma imekingwa, ziwa lenyewe halijakingwa. Usiamue safari ya Mahale kwa kuangalia maji ya bandarini.

Sasa namba. Kutoka Kigoma hadi hifadhi ya Mahale ni kama kilomita 128 kwa maji. Boti ya mwendo kasi inachukua saa 4 hadi 5, lakini kukodi ni ghali. Boti ya mbao ya mita 8 au 9 yenye injini ya farasi 40, ikiwa na watu watano pamoja na mizigo, inakwenda kama kilomita 14 kwa saa. Hiyo ni saa 9 za maji matulivu, na maji matulivu ya saa 9 mfululizo hayapo mwezi wa nane. Upepo wa ziwani unaamka kadiri jua linavyopanda. Kwa hiyo ondoka saa 11 alfajiri, pita rasi ya Kabogo mapema iwezekanavyo, na ikifika saa 5 au 6 mchana uwe umeshaingiza boti kwenye kijiji cha mwambao, Sigunga au Herembe, mlale hapo. Kesho yake alfajiri mnamalizia. Nahodha anayekuambia "tunafika leo leo" anahesabu kilomita tu, upepo hajauhesabu.

Mafuta: injini ya farasi 40 ya kuchanganya oili inakunywa lita 12 hadi 14 kwa saa kwa mwendo huo. Chukua 14. Saa 9 kwenda ni lita 126, kwenda na kurudi 252. Ongeza theluthi ya akiba, lita 84, unapata 336, yaani madumu 17 ya lita 20. Akiba hiyo si ya kubahatisha. Ukipiga wimbi la mbele, mwendo unashuka hadi kilomita 8 au 9 kwa saa na injini inakunywa vilevile. Oili ni mililita 400 kwa kila dumu la lita 20, na upime kwa chupa yenye alama. Ikipungua pistoni inanata, ikizidi plagi inashika masizi na injini inakata katikati ya ziwa. Petroli ichujwe kwa kitambaa kizito wakati wa kumimina, maana tone la maji ndani ya kabureta linatosha kukuzimia. Kwenye kopo la spea ziwepo plagi mbili, pini za propela nne, kamba ya kuwashia, na bomba la mafuta la ziada.

Jambo moja watu wanalisahau: lita 340 za petroli zina uzito wa kilo 250 hivi. Ni watu wanne wamekaa ndani ya boti hamjawahesabu. Shusheni madumu ya kurudia kwenye kijiji mtakacholala, kwa mwenyeji anayejulikana na nahodha wenu, mwende Mahale na mzigo mwepesi.

Jaketi okozi moja kwa kila kichwa, na livaliwe. Likikaliwa kama mto halimsaidii mtu. Mkiamka alfajiri mkaona vichwa vya mawimbi vimeshakuwa vyeupe, hiyo siku imekwisha, lazeni boti. Kwa hiyo siku nane hazitoshi. Ama ondoeni Gombe, ama ondoeni Nkungwe, ama ongezeni siku.

LenziNaMwanga (Kigoma)

Naunga mkono la upepo, ila mimi niseme la mwanga, kwa sababu wengi wanakuja na saa za Dar vichwani.

Nchi nzima tunatumia majira yaleyale, lakini Kigoma iko nyuzi 10 hivi magharibi ya Dar, na kila nyuzi moja ni dakika 4. Jua letu liko nyuma yao kwa dakika kama 40. Katikati ya Juni linachomoza saa 1 na dakika chache asubuhi na kuzama karibu saa 1 jioni. Baada ya kuzama, una dakika 20 hadi 25 za anga la buluu kisha giza. Kupambazuka na kuchwa kwetu ni kwa haraka, tripodi iwe imesimama kabla.

Halafu kumbuka mko upande wa mashariki ya ziwa. Jua linachomoza nyuma ya mlima, si mbele yenu. Mwambao wa Mahale unabaki kivulini hadi karibu saa 2 asubuhi. Watu wanaona asubuhi imepotea wanarudi kulala, wakati picha ndiyo inaanza: mwanga unagusa milima ya Kongo kwanza, ng'ambo kabisa, kisha katikati ya ziwa, halafu ule mstari wa kivuli unarudi kuelekea miguuni kwako. Maji ya mbali yanakuwa ya dhahabu, ya karibu bado ni ya kijani kizito. Mkiwa na mtumbwi wa mvuvi ukipita pale mstari ulipo, hapo ndipo pa kubonyeza. Tumia 70–200, si lenzi pana, ili milima ya ng'ambo ivutwe karibu.

Jioni ni kinyume chake. Kuanzia saa 10 jua linaupiga mlima usoni, mabonde yanajitokeza moja moja, na kadiri linavyoshuka rangi inageuka. Lakini ukiwa ufukweni hutakiona kilele. Nkungwe ina mita 2,462 kutoka usawa wa bahari, ziwa liko mita 773 hivi, kwa hiyo mlima unapanda karibu mita 1,690 juu ya maji. (Kwa anayependa kulinganisha, Mitre Peak, ule mlima maarufu wa Milford Sound, unapanda kiasi hichohicho kutoka baharini.) Tofauti ni kwamba Mitre Peak imesimama ukingoni, Nkungwe imerudi ndani kilomita kadhaa na vilima vya mbele vinaikinga. Dawa ni kutoka na boti kilomita 3 au 4 ziwani saa 11 jioni, upepo ukiwa umelala, mkageuka kutazama nchi kavu. Ndani ya boti tripodi haina kazi. Kasi ya shata isiwe chini ya 1/500, hata kama itabidi ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ipande hadi 800. Kaa katikati ya boti, usiegemee ubao, mtetemo wa injini unapanda hadi kwenye lenzi. Mwambie nahodha azime.

Kuhusu Agosti. Hakuna mvua, ni kweli, lakini kuna moshi. Mioto ya nyika inaanza kiangazi kikikolea, na Agosti na Septemba hewa inakuwa nyeupe kama maziwa. Milima ya Kongo inapotea kabisa, wakati mwingine siku tano mfululizo. Mwezi huo ni mzuri kwa jua jekundu na vivuli vya mitumbwi, basi. Kwa mandhari yenye kina, chagueni mwisho wa Mei hadi katikati ya Juni: mvua imeshaosha hewa, miteremko bado ya kijani, ng'ambo inaonekana. Mwana_Kibirizi atasema Juni kuna upepo, na ana haki. Ndiyo maana mnahitaji siku za akiba.

Vifaa. Ile 100–400 iacheni Tabora. Sokwe wa Mahale wamezoeshwa watu tangu watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walipoanza kazi mwaka 1965, na mnasimama mita 10 kutoka kwao, ndani ya msitu wenye giza. Pale 70–200 ya f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya lenzi ndefu yenye f/5.6. ISO 3200 hadi 6400 msiiogope, shata 1/250 akiwa ametulia, 1/500 akitembea. Manyoya ni meusi, kwa hiyo kamera inadhani pana giza kuliko lilivyo na inachoma picha. Punguzeni mwanga kwa theluthi mbili za hatua hadi hatua moja (hatua moja ni nusu ya mwanga). Flashi ni marufuku. Barakoa ni lazima na inapeleka pumzi kwenye kioo cha kuchungulia. Ibane vizuri puani au tumia skrini ya nyuma.

Kichujio cha polaraiza ni cha lazima kuliko lenzi ya nne. Kinaondoa mng'ao juu ya maji hadi mawe ya chini yaonekane, na kinaondoa weupe kwenye majani mabichi. Ila kwenye 16 mm kitawapa anga yenye doa jeusi upande mmoja. Kivueni au mwanzie 24. Kichujio cheusi cha hatua 6 kinageuza 1/15 kuwa sekunde 4, inatosha kulainisha mawimbi kwenye mawe.

Unyevu ndio adui wa lenzi huku. Mfuko wa kuzuia maji wa kufunga kwa kukunja, ndani yake mfuko mwingine wa nailoni, ndani yake kamera pamoja na vifuko vya silika jeli. Kila usiku fungueni mfuko mkiwa ndani ya chumba, mkaushe, mfunge tena alfajiri kabla ya umande. Kamera iliyolala na jasho siku kumi inaota ukungu ndani ya kioo, na huo haufutiki kwa kitambaa.

Umeme: pawabanki ya 20,000 mAh ina nguvu kama Wh 74, ukitoa inayopotea inajaza betri ya kamera ya Wh 14 mara tatu na zaidi kidogo. Watu watatu wenye kamera mbili, chukueni pawabanki mbili na betri tatu kwa kila kamera.

Reli_ya_Kati (Tabora)

Ndugu yangu wa Kaliua, niongezee mawili matatu.

Treni: Tabora hadi Kigoma ni kama kilomita 410, ni safari ya usiku kucha, na kuchelewa kupo. Msikodi boti ya asubuhi ileile mnayoshuka. Tumieni siku hiyo kununua chakula na kumaliza malipo ya hifadhi. TANAPA hawapokei fedha taslimu getini, unapewa kontroli namba unalipa kwa benki au simu. Fanyeni mkiwa mjini, mtandao kule kwa mwambao unakatika.

Msipange chochote kwa kuitegemea MV Liemba. Meli ile ya mwaka 1913 ina historia yake na tunaipenda, lakini kwa mpango wa siku zilizohesabiwa tafuteni boti.

La tatu ni kuhusu picha za taa za wavuvi, ambazo najua mtazitaka. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanapumzika, hakuna taa hata moja. Kwa hiyo angalieni kalenda, mfike Kigoma siku za mwezi mwandamo au siku nne tano kabla yake. Na muulize kama ziwa liko wazi: mwaka 2024 uvuvi upande wetu ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Likifungwa, huo mwisho wa Mei anaousifu LenziNaMwanga utawapa milima safi na ziwa jeusi tii.

LenziNaMwanga (Kigoma)

Kweli kabisa, Reli. Ziwa likifungwa, ziwa jeusi linabaki na kazi nyingine: nyota. Katikati ya Juni, karibu saa 7 usiku, kitovu cha Njia ya Maziwa, ule mkanda mweupe wa nyota, kinapita karibu na utosi. Lenzi ya 16, f/2.8 au f/4, sekunde 20, ISO 3200.

Likiwa wazi, taa zipigwe kutoka mlimani upande wa Bangwe: f/4, ISO 800, sekunde 6 hadi 8. Ukizidisha 10 boti zinakuwa zimesogea na kila taa inageuka mstari. Lenzi yako ielekee ziwani tu. Bandari, kambi na majengo ya serikali hayapigwi picha, na ukikutwa na tripodi usiku karibu nayo utaeleza mpaka asubuhi.

NjiaYaJuu (Uvinza)

Salaam. Mimi nijibu la Nkungwe.

Siku mbili inawezekana kwa wenye miguu iliyozoea kupanda, wasio na kamera. Kwenu nyinyi ni siku tatu. Hesabu iko hivi: mita 1,690 za kupanda, mtu mwenye mzigo wa kilo 12 kwenye joto anapanda mita 300 kwa saa, hiyo ni saa 5 na nusu za kupanda tu, bila kupumzika, bila kusimamisha tripodi hata mara moja. Mkienda kwa siku mbili mtafika kileleni mchana, na mchana kilele kimevaa wingu. Hewa yenye unyevu ya ziwani ikipashwa joto inapanda na mteremko, ikifika juu inapoa na kuwa ukungu. Kuanzia saa 4 au 5 asubuhi mara nyingi hamwoni kitu. Kwa hiyo siku ya kwanza pandeni mita 1,000 hadi 1,100 mlale kambini, siku ya pili mwanze kwa taa za kichwani saa 10 alfajiri, jua liwakute juu, mpige picha hadi saa 3, mshuke kambini kulala. Siku ya tatu ufukweni.

Hapa si Milford. Hakuna vibanda njiani wala vibao vya kilomita. Mnatembea na askari wa hifadhi mwenye silaha kwa sababu kuna nyati, chui, na upande wa mashariki simba. Kasi inafuata yeye na mwongozaji. Mahali pa kuanzia na pa kupiga hema mtapangiwa nao, tena wajulisheni mapema kabla hamjatoka Tabora, maana askari na wapagazi hawakai wakisubiri. Mtajiandikisha Bilenge makao makuu, kisha mtaendelea kwa boti hadi Kasiha kwenye mabanda ya wageni. Ndani ya hifadhi yote, kilomita za mraba 1,613, hakuna barabara.

Mlima huu Watongwe wameutambikia tangu zamani. Mwongozaji akiwaambia mahali fulani tusipige kelele au tusiguse, fuateni.

Maji: lita 3 kwa kila mtu kwa siku ya kupanda. Mei na Juni vijito vya juu bado vinatiririka, mnajaza na kuchemsha. Ikifika Septemba na Oktoba ulizeni kambi ile ina maji au mnabeba, kwa sababu lita 6 za mtu mmoja ni kilo 6 juu ya zile 12.

Majani. Hili ndilo la kupima kabla ya kukubali Juni. Baada ya masika nyasi za miteremko ya wazi ziko juu ya kichwa, njia haionekani, na asubuhi zinakulowesha kama umepita chini ya mfereji. Kamera iwe ndani ya mfuko hadi mtoke kwenye nyasi. Kiangazi zikishaungua unaona mbali na kutembea ni rahisi, lakini unakutana na upupu. Yale maganda yenye manyoya ya dhahabu kando ya njia, usiyaguse hata kwa begi. Ukipata, usikune wala usipanguse kwa mkono, manyoya yanazama. Bandika selotepu na kubandua, au finyanga donge la ugali wa vuguvugu ulibingirishe juu ya ngozi liyavute. Mwongozaji akienda mbele akasema "upupu kushoto," kila mtu arudie kwa aliye nyuma yake.

Mbung'o wako kwenye miombo. Wanafuata buluu na nyeusi. Vaeni kaki au kijani cha majani makavu, mikono mirefu, suruali ndani ya soksi. Homa ikikupata ndani ya wiki chache baada ya safari, mwambie daktari ulikuwa porini Uvinza, ili apime malaria na asisahau malale, ugonjwa unaoletwa na hao mbung'o.

Baridi watu wanaidharau. Ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6. Ufukweni nyuzi 30, juu ni 20 mchana, na usiku kwenye upepo inakaribia 10. Sweta moja la sufu na koti la upepo, shuka peke yake halitoshi. Chakula kiwe cha kuiva haraka, maana kuni hamkati hifadhini: karanga za kukaanga, ndizi, dagaa waliokaushwa wanaoliwa bila kupika, na asali ya kwenu Tabora. Kijiko cha asali na konzi ya karanga kila saa ya kupanda kinafanya kazi kuliko wali wa kambini.

Viatu viwe vimeshavaliwa mwezi mzima. Kushuka ndiko kunakoumiza vidole na magoti. Kateni kucha, kazeni kamba ya juu kabla ya kuteremka, mwe na fimbo moja kila mtu. Kutoka mlimani hadi hospitali ya mkoa ya Maweni ni zaidi ya siku moja mkihesabu kubebwa na boti, kwa hiyo kifundo kilichoteguka si jambo dogo.

Droni msiibebe kama hamna kibali cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) na cha hifadhi vyote viwili mkononi. Na mwenye mafua au kikohozi siku ya sokwe hatapelekwa, tafadhali msifiche. Ugonjwa wetu mdogo unaua sokwe. Kundi haliwi zaidi ya wageni sita, muda ni saa moja tangu mwonane nao.

NyukiWaKaliua (Tabora)

Asanteni sana, kaka zangu. Tumekaa tukapanga upya. Tumepata siku 11 na Gombe tumeiondoa.

Siku ya 1 treni usiku. Siku ya 2 Kigoma, malipo, mafuta, taa za wavuvi kama ziwa liko wazi. Siku ya 3 boti saa 11 alfajiri hadi Sigunga. Siku ya 4 Bilenge na Kasiha, jioni boti kutoka kidogo kupiga mlima. Siku ya 5 sokwe. Siku ya 6, 7 na 8 Nkungwe. Siku ya 9 kuanza kurudi, siku ya 10 Kigoma, siku ya 11 akiba kisha treni. Mwezi ni Juni, wiki ya mwezi mwandamo. 100–400 na droni zinabaki.

Kuna kasoro?

NjiaYaJuu (Uvinza)

Siku ya akiba mmeiweka mahali ambapo haiwasaidii. Upepo ukiwazuia siku ya 9 mtaila, sawa, lakini sokwe wasipopatikana siku ya 5 mtafanya nini? Juni wako juu zaidi ya mteremko kuliko Agosti hadi Oktoba, kuwafikia kunaweza kuchukua saa nne za kutembea. Anzeni na Nkungwe siku ya 5 hadi 7, sokwe siku ya 8, ili mkiwakosa muwe na uamuzi wa kubaki siku ya 9. Na ombeni siku ya 12 kazini. Faida nyingine ya kupanda mapema ni kwamba mnapanda na miguu mipya.

Mwana_Kibirizi (Kigoma)

Nakubaliana na mpangilio huo. Langu ni la kurudi, kwa sababu watu huliona jepesi.

Mkirudi kaskazini, upepo wa kusini uko mgongoni. Boti inakwenda kwa raha, mafuta yanapungua, nahodha anaongeza mwendo. Hapo ndipo boti inapolipanda wimbi kwa nyuma, inashuka nalo kwa kasi kuliko maji yenyewe, pua inazama kwenye mgongo wa wimbi la mbele, na mkia unazungushwa ubavu. Mizigo mizito iwekwe nyuma ya katikati, watu wasikae puani kupiga picha, na mwendo upunguzwe hadi wimbi liwapite nyinyi, si nyinyi mlipite wimbi. Kamera zote mifukoni mpaka mwingie ghuba.

Na yale madumu matupu msiyatupe wala kuyauza kijijini. Yafungeni vifuniko, yapitisheni kamba kwenye mikono yote, mfunge kwenye mbavu za boti nusu kushoto na nusu kulia. Dumu tupu la lita 20 linabeba karibu kilo 20 majini. Boti ikijaa maji, hayo yatasaidia kuishikilia juu pamoja na injini.